Kabla ya ‘core’ kulikuwako kibwebwe

MIEZI kadhaa iliyopita daktari alinitazama nilivyokuwa nikiinuka kitini, mkono mmoja mezani na mwingine kiunoni, akatikisa kichwa. “Mwalimu,” akaniambia, “mgongo wako hautaki dawa tena. Unataka kazi.” Hivyo ndivyo nilivyojikuta kila Jumamosi asubuhi nimelala chali juu ya mkeka wa mpira katika ukumbi mmoja mtaani kwetu, miongoni mwa akina mama waliostaafu na wazee wawili watatu wa rika langu, tukifundishwa Pilates na kijana mchangamfu ambaye hajafikisha nusu ya umri wangu.

Kocha huyo alikuwa na amri moja aliyoipenda kuliko zote. “Engage your core!” Tuinue miguu, engage your core. Tugeuke ubavu, engage your core. Alipoona hatujafahamu, aliirudia kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo letu lilikuwa masikio. Jumamosi ya tatu, mama mmoja mzaliwa wa Lamu aliyekuwa mkeka wa pili kutoka kwangu alijiinua kwa kiwiko.

“Mwanangu, hiyo ‘core’ iko wapi? Nionyeshe niishike.”

Tukacheka. Kocha naye akacheka, akajigonga tumboni. “Ni hapa, mama. We kaza tu tumbo.”

Mama akakaza. Alikaza tumbo, akakaza shingo, akakaza taya, na pumzi akaizuia. Dakika chache baadaye alikuwa ameketi kando, kizunguzungu kimemshika. Tulipokuwa tukitoka aliniambia kwamba ana presha na kila siku anameza dawa. Sasa, mtu mwenye shinikizo la damu hafai kuzuia pumzi wakati anapokaza misuli kwa nguvu, maana kufanya hivyo hulipandisha shinikizo ghafla. Kijana wetu analijua hilo. Nilimuuliza, akanieleza vizuri kabisa kwa Kiingereza. Alichokosa ni kitenzi.

Ndipo nikaanza kuifuatilia historia ya mazoezi haya, si kwa sababu ya mgongo wangu tena bali kwa sababu ya lugha yake. Nilitaka kujua neno hili ‘core’ limeingia lini na kwa mlango upi. Nilichokikuta kilinishangaza: mazoezi yenyewe ni ya kale kuliko neno hilo kwa miongo mingi, na mtu aliyeyabuni alikuwa, kama kocha wetu, akifundisha kwa lugha isiyokuwa ya mamake.

Joseph Hubertus Pilates alizaliwa Desemba 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani. (Naam, jina lake linafanana na la Pontio Pilato wa Kanuni ya Imani, na inasemekana watoto wenzake hawakumwachia hilo lipite.) Alikuwa mtoto mgonjwa. Masimulizi ya maisha yake humtaja kuwa na pumu, matege na homa ya baridi yabisi, na kwamba huko ndiko alikotoa uchu wa kuujenga mwili wake. Alijaribu sarakasi za viungo, ndondi, mieleka, akachunguza jinsi wanyama wanavyojinyoosha. Miaka michache kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alihamia Uingereza, na vita vilipozuka mwaka wa 1914 akawa, bila kuhama kitanda, raia wa nchi ya adui.

Waingereza walimzuilia pamoja na maelfu ya Wajerumani wenzake. Sehemu kubwa ya kizuizi hicho aliipitishia katika kambi ya Knockaloe, Kisiwa cha Man, kambi iliyokuja kufurika watu zaidi ya 20,000 katika mabanda ya mbao, matope mpaka kifundoni wakati wa mvua. Fikiria wanaume wazima waliokaa miaka minne bila kazi ya maana, bila familia, bila kujua siku ya kutoka. Miili huoza katika hali hiyo, na akili hutangulia. Pilates alifanya mazoezi na akawafanyisha wenzake, tena mazoezi ya sakafuni, kwa sababu sakafu ndiyo iliyokuwapo.

Wapenzi wa mbinu hii husimulia mengi kuhusu kambi hiyo. Husema kwamba alizing’oa springi za vitanda akazifunga kwenye vitanda vya wagonjwa ili waliolala wapate kitu cha kuvutana nacho, na kwamba homa kuu ya 1918 ilipopita haikumgusa hata mmoja wa wanafunzi wake. Hili la pili mimi silimezi. Kiongozi yeyote wa harakati akishapata wafuasi hupata na miujiza, na mengi ya masimulizi haya yalitoka kinywani mwake mwenyewe miaka mingi baadaye. Naye hakuwa mtu wa kujipunguzia sifa. La springi lina mashiko kidogo, kwa kuwa mitambo aliyokuja kuiunda baadaye kweli ilitumia springi badala ya vyuma vizito, na kitanda chake chenye kuteleza juu ya reli, kile walimu wanachokiita rifoma, bado kinaonekana kama kitanda cha hospitali kilichopata wazimu.

Baada ya vita alirudi Ujerumani, hakukaa sana. Mwaka wa 1926 alipanda meli kwenda New York, na ni katika safari hiyo, kama isimuliwavyo, alipokutana na Clara, aliyekuja kuwa mwenziwe wa maisha na wa kazi. Walifungua ukumbi wao barabara ya Eighth Avenue, mtaa uliojaa wacheza dansi. Huo ulikuwa ujirani wa baraka. Mcheza dansi akiteguka, hana mshahara. Na watu hawa wawili walikuwa wakiwarudisha wacheza dansi jukwaani. George Balanchine na Martha Graham, majina makubwa mno katika dansi ya Marekani karne iliyopita, walikuwa miongoni mwa waliopita hapo au kuwatuma watu wao.

Hebu tusimame hapa kidogo. Mbinu hii Pilates hakuiita Pilates. Aliipa jina la Kiingereza alilolifinyanga mwenyewe, Contrology, ambalo tukilipa sauti za Kiswahili litakuwa kontroloji: elimu ya udhibiti. Kitabu chake kinachojulikana zaidi, Return to Life Through Contrology, alichokitoa pamoja na William John Miller mwaka wa 1945, kina mazoezi 34 ya mkekani yenye picha zake mwenyewe akiwa amevaa kaptura, umri umekwisha pita miaka sitini. Neno kuu kwake lilikuwa udhibiti: akili iutawale mwili wote. Hakuwa na haja ya kuutafuta msuli mmoja na kuupa cheo.

Na alifundishaje? Wanafunzi wao waliosalia kusimulia hutaja mikono kabla ya maneno. Joseph alisukuma, alivuta, alikubonyeza pale pasipofanya kazi. Clara, wanasema, ndiye aliyekuwa mwalimu bora: mpole, mvumilivu, mwenye kuona mtu ana maumivu kabla mwenyewe hajasema. Mjerumani anayefundisha kwa Kiingereza cha ugenini katika jiji la wahamiaji ana sababu nzuri ya kuiamini mikono yake. Ndiyo maana huwa sielewi watu wanaposema kwamba mazoezi haya “yana lugha yake” na lugha hiyo ni Kiingereza. Tangu siku ya kwanza yamekuwa kazi ya tafsiri.

Joseph alifariki mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 83. Clara aliendelea kufundisha, kisha wanafunzi wao wakatawanyika, kila mmoja na alivyoelewa. Hapo ndipo maneno yalipoanza kuongezeka. Mwaka wa 1980 Philip Friedman na Gail Eisen walichapisha kitabu kilichoipanga mbinu hii chini ya kanuni sita: kujikita katikati ya mwili, umakini, udhibiti, usahihi, pumzi na mtiririko. Leo kanuni hizo hukaririwa kwenye kozi za walimu kama amri za Musa, na wengi huamini ziliandikwa na Pilates mwenyewe. Waandishi hao ndio waliozipanga, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake.

Kisha ikaja kesi. Nawaomba wanaopenda sarufi wasogee karibu, kwa sababu sijapata kuona kesi ya biashara iliyo ya kisarufi kama hii.

Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani ilikuwa imelisajili jina Pilates kuwa alama yake ya biashara, na ikawa inawazuia walimu wengine kulitumia bila ruhusa. Mtu aliweza kufundisha mazoezi yaleyale, aliyojifunza kwa wanafunzi wa mzee mwenyewe, lakini asithubutu kuyaita jina lake. Kesi ikafika mahakama ya shirikisho mjini New York, na Oktoba 2000 Jaji Miriam Goldman Cedarbaum akaamua kwamba alama hiyo haiwezi kusimama. Pilates, kwa masikio ya umma, lilikuwa limekwisha kuwa jina la aina ya mazoezi, kama yoga au karate, na jina la kitu haliwezi kumilikiwa na muuzaji mmoja.

Mahakama ilihitaji mashahidi na marundo ya nyaraka ili kufikia hapo. Kiswahili kingewaonyesha kwa kiambishi kimoja. Tukisema “Pilates amenisaidia”, tunamzungumzia mzee wa Mönchengladbach, ngeli ya A-WA. Tukisema “Pilates imenisaidia”, mzee ametoka, mazoezi yameingia, ngeli ya I-I. Nimewasikiliza wenzangu ukumbini kwa miezi kadhaa sasa na sijamsikia hata mmoja akikosea. Jambo ambalo Wamarekani waliligombania kortini, mama wa Lamu alilitatua kwa kusema tu, “Hii Pilates yenu imeniua leo.”

Baada ya hukumu hiyo mlango ulifunguka wazi, na walimu wakaenea ulimwengu mzima. Lakini kuna jambo jingine lililokuwa likitendeka wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, ambalo ndilo lililotuletea amri ya kocha wetu.

Mwaka wa 1996, Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha utafiti mdogo ulioleta tufani kubwa. Waliwachukua watu 15 wenye historia ya maumivu ya kiuno na 15 wasiokuwa nayo, wakapima umeme wa misuli yao, kisha wakawaambia wainue mkono haraka. Inueni mkono, basi. Kwa wenye afya, msuli wa ndani kabisa wa tumbo uliamka kabla ya msuli wa bega unaouinua mkono wenyewe. Mwili ulikuwa umejiandaa kabla ya kutenda. Kwa wale wenye maumivu, msuli huo ulichelewa.

Msuli huo ni wa ajabu kidogo. Nyuzi zake hazishuki kutoka kifuani hadi kinenani kama zile za misuli ya mbele inayoonekana kwa vijana wa magazetini. Zimelala kingamakinga. Zinaanzia nyuma, kwenye utando mgumu ulioshikana na uti wa mgongo, zinazunguka mbavuni na juu ya nyonga, zikakutana mbele. Unapofanya kazi, tumbo huzungukwa na kushikwa. Juu yake kuna kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, chini yake kuna misuli iliyotandazwa kwenye tundu la nyonga, na nyuma kuna misuli midogo inayoshikilia pingili moja hadi nyingine. Jumla ya haya ndiyo Waingereza walianza kuiita ‘core’, na kutoka maabara neno hilo likaingia kwenye kliniki, kutoka kliniki likaingia kumbi za mazoezi, ambako lilimkuta Pilates akiwa tayari analala chali na kupumua. Ndoa ikafungwa. Kufikia mwanzo wa karne hii, walimu wa Pilates walikuwa wakisema ‘core’ kama kwamba Joseph aliwaachia neno hilo katika wosia.

Na wosia wenyewe ulizua ugomvi. Walimu waliousoma utafiti wa Queensland waliwaambia watu: vuta kitovu kiende kwenye uti wa mgongo. Stuart McGill, mtaalamu wa mgongo nchini Kanada, akapinga: tumbo likivutwa ndani, mtu anaipunguza ile nguzo yake, afadhali aikaze misuli yote ya kuzunguka kiasi cha haja, bila kuliingiza tumbo wala kulitoa. Mwaka wa 2010 Eyal Lederman akaandika kwamba imani nzima ya kuimarisha ‘core’ ni ngano. Nao wataalamu wa Cochrane, walipoyapima majaribio 10 yaliyohusisha watu 510 wenye maumivu ya kiuno katika mapitio yao ya mwaka wa 2015, walikuta kwamba Pilates husaidia zaidi ya kutofanya chochote cha maana, ila hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inayashinda mazoezi mengine. Nasema haya ili msomaji asidhani naipigia debe. Mgongo wangu umepata nafuu, lakini pengine ungepata nafuu hiyohiyo kwa kulima.

Ninachokiona mimi katika ugomvi huu ni kwamba nusu yake ni ugomvi wa vitenzi. Vuta, kaza, bana, shika: kila kimoja huutuma mwili mahali tofauti. Kwa Kiswahili tofauti hizo ni kali zaidi, nasi hatujakaa chini kuzichambua.

Chukua ‘kaza’. Tunakaza kamba, tunakaza mwendo, na mtu akilia tunamwambia ajikaze kisabuni. Ndani ya kitenzi hiki mna nguvu, na mna kuvumilia. Mkenya aliyekua akiambiwa “jikaze” kila alipoumia akisikia “kaza tumbo” hawezi kukaza tumbo peke yake. Atakakamaa mwili mzima, kama mama yule, na pumzi itakuwa ya kwanza kufungiwa. ‘Bana’ ni baya zaidi. Tunabana matumizi, tunabana pua, tunabana pumzi.

‘Vuta’ nalo lina mtego ambao hakuna mwalimu aliyejifunza kwa Kiingereza angeuotea. Kwa Kiswahili kuvuta pumzi ni kuiingiza. Katika Pilates tumbo huingia wakati pumzi inatoka. Sasa kocha akisema “toa pumzi, vuta kitovu”, nusu ya darasa linasikia “vuta” na kuingiza pumzi. Nimeliona kwa macho yangu, nami mwenyewe nimelifanya, mimi ninayelipwa kuvifahamu vitenzi.

Na nomino je? Wapo wanaopendekeza ‘misuli ya kiini’. Nimeiona istilahi hii ikianza kutumika na naelewa ilikotoka: kiini ni kile cha ndani kabisa, na ‘core’ pia ni kile cha ndani kabisa. Hesabu imekubali. Lakini kiini cha yai ni kidonge kilichokaa katikati, na kiini cha embe ni kitu unachokifikia baada ya kula mengine yote. Mtu akiambiwa aamshe kiini chake atakitafuta kidonge hicho tumboni na hatakipata, kwa kuwa hakipo. Kinachotafutwa ni cha kuzunguka. Tatizo hili hata Waingereza wanalo na ‘core’ yao; hatuna sababu ya kuliagiza pamoja na neno.

Hapa ndipo nilipomkumbuka marehemu nyanya yangu. Kabla ya kuinua mzigo au kuingia shambani alichukua leso, akaikunja mkunjo mrefu, akaizungusha kiunoni na kuifunga kwa nguvu. Kibwebwe. Sisi wa madarasani tumeligeuza neno hili kuwa nahau tu: mwanafunzi huandika katika insha kwamba alijifunga kibwebwe kusoma, na mwalimu humpa alama, na wote wawili hawajawahi kukiona. Kuna na masombo, tunayojifunga vivyo hivyo tunapokabiliwa na kazi nzito. Nahau hizi zilitoka kwenye viuno vya watu. Waliozitunga walijua kwamba mwili hujiandaa kabla ya kutenda, kwamba maandalizi hayo yako kiunoni, na kwamba ni ya kuzunguka. Ukimwambia mtu wa Queensland kwamba wenye kuzungumza Kiswahili huulizana “umejifunga kibwebwe?” kabla ya kuanza kazi, nadhani atataka kujua tulipima kwa mtambo gani.

Kuna neno la tatu, na hili ndilo ninaloliona la thamani kuliko yote: mkaja. Kamusi nyingi hulitaja kama zawadi apewayo mama mzazi wa bibi harusi. Hiyo ni maana iliyozaliwa na nyingine. Mkaja wenyewe ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Tazama vitenzi: amejifungua, kisha anafungwa. Ile misuli iliyotanuliwa na mimba miezi tisa inashikwa kwa nje hadi iweze kujishika. Na binti yako anapoolewa, bwana harusi anakulipa kwa ajili ya kitambaa hicho. Kwamba utamaduni mmoja uliuona udhaifu wa tumbo la mzazi kuwa jambo zito kiasi cha kuutilia kifungu katika mahari, ni jambo ambalo ningependa walimu wa mazoezi walisikie kabla ya kutuambia kwamba Kiswahili hakina msamiati.

Si kwamba kila kitu kipo tayari. Ile misuli ya chini, iliyotandazwa kwenye nyonga, inatutoa jasho, na jasho hilo ni la adabu zaidi kuliko la msamiati. Kocha kijana hawezi kusimama mbele ya mama mwenye umri wa nyanyake na kumtajia sehemu hizo kwa majina. Kwa Kiingereza hujificha nyuma ya ugeni wa lugha. Kwa Kiswahili hana pa kujificha, hivyo huruka, na misuli ambayo mama aliyezaa mara sita anaihitaji kuliko yote ndiyo isiyotajwa. Lakini tafsida ipo: “kama mtu anayezuia haja ndogo akingoja mlango ufunguliwe.” Nilimpa kocha sentensi hiyo kwa faragha. Alikuna kichwa. “Hiyo naweza sema,” akaniambia. Akaisema Jumamosi iliyofuata, akiwa ameukazia macho ukuta, na akina mama wakacheka, wakafanya.

Utafiti una neno juu ya hili pia. Mwaka wa 1998 Gabriele Wulf, naye Mjerumani, alichapisha na wenzake majaribio ya watu wanaojifunza kusawazisha mwili juu ya mtambo unaofanana na wa kuteleza thelujini. Kundi moja liliambiwa lifikirie miguu yake. Jingine liliambiwa lifikirie magurudumu yaliyo chini ya miguu. Waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Mjadala wa tangu hapo ni mrefu na haujafungwa, ila wazo lenyewe limeshika mizizi: mwili huenda vizuri ukitumwa kwenye kitu cha nje kuliko ukiamrishwa ujichunguze. “Amsha msuli fulani” ni amri ya ndani. “Tembea kama umebeba mtungi wa maji” ni ya nje, na yeyote aliyewahi kubeba mtungi hahitaji kuelezwa zaidi.

Nilikuwa nimekusudia kumweleza kocha haya yote, kwa mpangilio, kama mhadhara. Sikupata nafasi. Mama wa Lamu alinitangulia. Jumamosi moja alikuja na leso mbili. Moja akajifunga juu ya nguo zake za mazoezi, kati ya mbavu na nyonga, si kwa kubana sana, akalala chali.

“Mwanangu,” akamwambia kocha, “ile core yako ni hii hapa?”

Kocha akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya leso. Akamwambia apumue. Leso ikajaa mbele tu. “Jaza na pande zote, mama. Hata huku nyuma chini ya mgongo.” Akajaza. “Sasa toa pumzi polepole, halafu uiache leso. Ondoka ndani yake, ilegee yenyewe.” Ikalegea. Hakukunja uso, hakuzuia pumzi. Kocha akakaa juu ya visigino vyake akiitazama leso ile. “Si mngeniambia mapema,” akasema.

Tangu siku hiyo tunakuja na leso, hata sisi wanaume. Zoezi la kwanza katika kitabu cha 1945 huitwa Mia: unalala chali, kichwa na miguu imeinuliwa, mikono inapigapiga hewa kando ya mwili, pumzi iingie kwa hesabu ya tano na itoke kwa hesabu ya tano, mara kumi. Kocha alikuwa akituhesabia kwa Kiingereza. Nilimuuliza kwa nini, naye akasema Kiswahili kinamchelewesha. Ni kweli. Kuanzia ‘one’ hadi ‘five’ ni silabi tano. Kuanzia moja hadi tano ni silabi kumi, tukihesabu na ile ‘n’ inayosimama peke yake katika nne. Kila pumzi inarefuka.

Mama wa Lamu hakuwa na haraka. Alihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, macho yamefumbwa, leso ikijaa na kulegea. Sisi wengine tukajikuta tunamfuata. Kocha alijaribu kutuwahi mara mbili, kisha akanyamaza, akajilaza kwenye mkeka wake.

“Moja,” akaanza naye.